Begi Lililotangulia Kushuka

Gari lilikuwa limeshaiacha lami, nami nimebanwa kiti cha nyuma kati ya kreti la mikate na mwanamke nisiyemjua, ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza: hivi hawa watu wananipeleka wapi?

Ndugu msomaji, wiki iliyopita uliniacha nje ya nyumba ya mkwe wangu. Mlango umefungwa kwa ndani, binti yangu analia upande wa pili, na mumewe anamwambia anyamaze. Nilisimama pale na begi langu la mgongoni. Humo ndimo ilimokuwa nyumba yangu yote: blanketi, sufuria, viatu vya akiba, picha ya marehemu mke wangu.

Nimefanya kazi melini, machimboni, na kwenye makambi ya barabara. Shule nimesoma vipande vipande, kila mji na darasa lake. Lakini kufukuzwa na mtu aliyeoa kwangu, hilo lilikuwa somo jipya.

Nikawa nashinda kwenye tanuri la mikate, kwa ajili ya lile joto. Mwenye tanuri, mwanamke wa miraba minne aitwaye Mama Mikate, hakunifukuza. Siku moja akanitazama nilivyobeba begi langu, akaniuliza:

"Mzee, wewe mtembezi?"

"Nimetembea kuliko barua."

"Basi Jumamosi unakuja na sisi. Tunapanda mlima, tunalala huko, Jumapili tunashuka. Tulikuwa wanne, mmoja akatupungua."

Hakusema alipungua vipi, nami sikuuliza. Mwenye njaa ya watu haulizi chumvi imezidi au la.

Ndiyo hivyo nikajikuta garini. Mama Mikate ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kando yake alikaa Mwalimu, kiongozi wao, mtu mwembamba anayefundisha watu udereva. Kila tukikaribia kona, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu ya gari, mahali pasipo na kitu.

"Mwalimu, niachie gari langu," Mama Mikate akamwambia. "Unanifungia breki za hewani."

"Si mimi, ni mguu."

"Ndiyo maana mkeo alikukimbia. Mtu hawezi kulala na breki ya mkono."

Nikacheka. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu hakucheka. Huyo alikuwa Fundi, mshonaji wa sare za shule, vidole vimejaa alama za sindano. Alikuwa ameniamkia vizuri tulipopanda, "Shikamoo, baba," nami nikamwitikia, kisha akageukia dirisha. Tangu hapo alikuwa akiutazama mlima kama mtu anayetazama lango la hospitali.

Tulipofika chini ya mlima, Mwalimu alishusha mabegi yetu yote akayapanga kwenye nyasi. Nikanyoosha mkono kuchukua langu. Akanizuia.

"Hapa kwetu hakuna anayebeba lake, mzee."

"Kwa nini?"

"Ukibeba lako utalalamika. Ukibeba la mwenzako utaona haya kulalamika. Tena chakula chako kiko mgongoni kwa mwingine, kwa hiyo huwezi kujitenga ukaenda zako."

"Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Mama Mikate akadakia. "Sisi tunawapima wahenga kama walisema kweli."

Nikawaambia begi lile ni nyumba yangu.

"Basi leo umepata mpangaji," akasema, akalinyanyua, akamvisha Fundi mgongoni.

Mimi nikapewa la Mwalimu. Mwalimu akabeba la Mama Mikate, na Mama Mikate la Fundi. Nilimfuata yule mwanamke njiani macho yakiwa kwenye kamba za begi langu, kama mbuzi anayefuata jani.

Ukungu ulitukuta kabla ya adhuhuri. Ulishuka taratibu, ukala vilele, ukala miti, mwisho ukamla Mwalimu aliyekuwa mbele. Tukawa tunafuatana kwa sauti za viatu tu. Mwalimu, halafu Mama Mikate, halafu Fundi, mimi nikafunga mkia.

Hapo ndipo nikaanza kusikia mtu anahema nyuma yangu.

Pumzi yenyewe ilikuwa nzito, ina mluzi ndani yake, kama birika linalokaribia kuchemka. Nikadhani Mama Mikate amebaki nyuma, nikamhurumia na mwili wake ule. Nikasema kwa sauti, "Mama, pole. Tupumzike kidogo."

"Pole ya nini?" akanijibu kutoka mbele. "Mimi niko huku namalizia biskuti za Fundi."

Nikageuka. Nyuma palikuwa na ukungu mtupu.

Nikajiambia ni kifua changu, mzee anaweza kukorota akiwa macho. Nikazuia pumzi. Mluzi ukaendelea. Ulipanda, ukakwama, ukashuka.

Nilipotazama mbele, Fundi alikuwa amesimama, amenigeukia.

"Na wewe umesikia," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni upepo, mwanangu."

"Upepo hauchoki, baba. Huyo amechoka."

Akaendelea kupanda. Nami nikapanda nikimkaribia zaidi ya adabu inavyoruhusu, kwa sababu sikutaka tena kuwa wa mwisho.

Alasiri tukafika kwenye banda la wapanda mlima: mabati, mbao za kulalia, jiko la mawe. Baridi ilikuwa inang'ata. Mwalimu akatoka kutafuta kuni. Fundi akaketi na begi langu magotini.

"Nikutolee blanketi, baba?"

"Nitolee, mwanangu."

Akaingiza mkono. Mkono ukasimama humo ndani.

Akatoa blanketi, akatoa sufuria, akatoa viatu, vyote akivitupa sakafuni bila kuangalia. Kisha akalipindua begi nje ndani. Kwa nje fundi viatu aliyeniuzia alikuwa amelivalisha ngozi mpya na kamba mpya, mtu asingelijua. Lakini kwa ndani, upande unaogusa mgongo, palikuwa na kimfuko kilichojificha, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, mshono juu ya mshono.

"Mshono huu ni wangu," akasema.

Akatia vidole viwili kimfukoni, akatoa kidude cha bluu.

Mimi nilikuwa nakijua kidude kile. Nilikikuta siku nilipopata begi, nikadhani ni cha kupulizia nzi. Kilikuwa chepesi, nikakiacha humo humo. Sasa ndipo nilipoelewa kwamba ni dawa ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo.

Mama Mikate aliacha kutafuna. Mlangoni Mwalimu alikuwa amerudi na mzigo wa kuni mikononi. Alisimama, na mguu wake wa kulia ukakanyaga chini mara moja.

"Nani ataniambia?" nikauliza.

Mama Mikate ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. Yule wa nne alikuwa mume wa Fundi, mpiga picha, mtu wa arusi na picha za vitambulisho. Alikuwa na pumu lakini hasikii la mtu. Miaka kadhaa nyuma walipanda yeye na Mwalimu, wawili tu. Mama Mikate mwenyewe alikuwa ameteguka mguu, akabaki chini na gari. Ukungu ukaja. Mwalimu akashuka peke yake, mikono mitupu. Watu wakatafuta mpaka wakachoka. Hata kiatu hakikuonekana.

"Na begi lake?"

"Mwalimu alisema siku hiyo walikuwa hawajabadilishana. Kila mtu alibeba lake. La kwake Mwalimu alilitupa alipokuwa anakimbilia msaada."

"Kwa hiyo alikuwa na begi lake," Fundi akaingilia. Alikuwa amekishika kile kidude kama anashika kifaranga. "Na kwenye begi mlikuwa na dawa. Mtu mwenye dawa yake hafi kwa pumu. Nimewaambia wakwe zangu, nimewaambia majirani. Anayenipa pole namtoa nje. Mlango wangu sijaufunga usiku hata mmoja tangu siku ile, maana ufunguo wake ulikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali aliyovaa, na ule mfuko ulikuwa umetoboka. Nilikuwa sijauziba bado."

Akanigeukia.

"Baba, begi hili umelipata wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuona mtego. "Kwa fundi viatu, nyuma ya soko. Mtu alilipeleka kubadilishiwa zipu, hakurudi kulichukua. Huyo fundi viatu akachoka kulitunza, akaniuzia."

Uso wake ulifunguka. Ndugu msomaji, nimeona watu wakiokolewa majini, lakini sijaona uso ukifunguka namna ile.

"Alilipeleka mwenyewe," akasema. "Yuko mjini. Mama Mikate, yuko mjini." Akaanza kucheka. Ile pumzi ya njiani ilikuwa imenitisha, lakini kicheko hiki kilinitisha zaidi. "Kesho tukishuka tunapitia moja kwa moja kwa huyo fundi. Baba, alikwambia huyo mtu alikuwaje? Mrefu? Anakohoa?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Maana nilikumbuka. Yule fundi viatu ni mtu wa kejeli, na siku ile alimwigiza mwenye begi mbele yangu. Alikaa kwenye kigoda chake, na kila pikipiki ilipopita, akakanyaga chini kwa mguu wa kulia. "Mtu mzima," alisema, "anafunga breki za barabara nzima."

Nikautazama mguu wa Mwalimu. Naye akaniona ninavyoutazama.

"Sikumbuki, mwanangu," nikasema.

"Mzee," Mwalimu akasema taratibu, "twende tukateke maji."

Kijito kilikuwa hatua chache chini ya banda, lakini kwa ukungu ule tungeweza kuwa nchi nyingine. Alijaza dumu likafurika, akaendelea kulishikilia.

"Unajua," akasema.

"Najua mguu. Mengine sijui."

"Tulikuwa tumebadilishana, mzee. Kama kawaida. Lake nilibeba mimi." Akalishika dumu kwa mikono miwili. "Nilikuwa nimetangulia. Akaanza kuniita, anataka begi. Nikadhani ananitania. Alikuwa na tabia ya kujificha nyuma ya jiwe apige picha watu wakiwa wameshtuka. Nikamjibu, njoo ulichukue mwenyewe."

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye viatu vyake.

"Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Akaniita tena, sauti imekuwa ndogo. Nikageuka, nikashuka mpaka pale nilipodhani yupo. Hayupo. Sauti iko kushoto. Nikaenda kushoto, iko kulia. Halafu haipo."

"Na dawa?"

"Mgongoni mwangu, mzee. Ilikuwa mgongoni mwangu muda wote."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemfikishia mkewe begi, ningemwambia nini? Nikalificha kichakani, baadaye nikalifuata. Kulichoma nilishindwa. Nikalipeleka kwa fundi nikasingizia zipu. Nikasema uongo mdogo, kwamba begi alikuwa nalo. Nilidhani nampa nafuu ya siku mbili. Kumbe ameula uongo ule miaka yote, na kila Jumapili naupita mlango wake naukuta wazi."

Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Sema fundi alikwambia ni mtu asiyemjua. Basi. Nyuma ya shule yangu ya udereva kuna chumba. Kina kitanda na dirisha. Natafuta mlinzi wa kukaa humo. Hata kesho unaweza kuhamia."

Nitakuambia kweli, msomaji wangu, maana sina sababu ya kukuandikia kama nakudanganya. Kile kitanda nilikiona. Niliuona hata msumari wa kutundikia koti. Nikamwambia Mwalimu, "Sawa." Tukapandisha maji. Nyuma yetu, kwenye ukungu, yule mtu anahema.

Jioni ikaingia. Mama Mikate alikata mkate, hakuna aliyekula. Fundi peke yake ndiye alikuwa na maneno. Angepaka rangi chumba. Angetoa cherehani sebuleni, mumewe hakupenda kelele zake. Alikuwa anaongea haraka haraka, mashavu yanawaka, na kile kidude kipo mapajani.

"Baba, wewe umekaa sana mbali na watu wako," akaniambia. "Mtu aliyekaa peke yake muda wote huo, unamkaribishaje? Unamgombeza kwanza, au unamwacha aingie tu?"

Hapo nikamwona binti yangu nyuma ya mlango wa mumewe.

Nilikuwa na jibu la uongo tayari, nimelipanga kijitoni. Nikaufungua mdomo, likatoka jingine.

"Mwanangu, aliyelipeleka begi kwa fundi viatu yumo humu ndani."

Mama Mikate ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akaweka kisu chini.

"Mwalimu," akasema. "Zungumza."

Naye akazungumza. Alimwambia Fundi yote aliyoniambia mimi, wala hakujipunguzia. Alipofika kwenye lile neno, njoo ulichukue mwenyewe, sauti ilimkatika, ikabidi alirudie.

Fundi alisikiliza kichwa kimeinama, anapitisha kidole kwenye uzi mwekundu.

"Alikuita mara ngapi?"

"Dada..."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Aliita mpaka akachoka."

Nilingoja amrukie. Mama Mikate pia alingoja, kwa sababu alijisogeza katikati. Fundi hakumrukia mtu. Alisimama, akaufungua mlango wa banda. Ukungu ukaingia mpaka kwenye mbao za kulalia, na ile pumzi ikaingia nao, karibu kabisa, inapanda na kukwama. Wakati huu wote wanne tuliisikia. Niliona machoni mwao.

Alikitikisa kile kidude, akakielekeza nje, akakibonyeza. Kilitoa moshi mwembamba. Akangoja kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Akatikisa, akabonyeza tena. Alifanya hivyo mpaka kikawa hakitoi kitu.

Mluzi ulipungua. Ukawa pumzi ya kawaida, ya mtu aliyelala. Halafu pakawa kimya.

"Haya," akasema, akafunga mlango.

Asubuhi kila mtu alibeba lake, isipokuwa mimi. Begi lile sikuweza kulivaa tena. Nilifunga vitu vyangu ndani ya blanketi, Fundi akashuka na begi tupu mkononi.

Mwalimu alijipeleka mwenyewe polisi, akaandika maelezo. Walimsikiliza, wakamwambia aende nyumbani, ataitwa. Mpaka leo hajaitwa. Shule ameifunga. Gari lake la kufundishia liko uani, limejaa majani.

Mama Mikate anaoka kama zamani. Mlima hapandi. Mwalimu akija kununua mkate anamuuzia, lakini hamwiti tena kwa utani wowote, na nadhani hiyo ndiyo adhabu anayoihisi.

Fundi amekubali kupewa pole. Wakwe zake walikuja, walikaa naye, walilia pamoja. Jina la mumewe sasa analitaja na neno marehemu. Suruali zake zilizobaki nyumbani amezigawa. Mlango anaufunga.

Binti yangu huniletea nguo safi mumewe akiwa kazini. Chumba cha Mwalimu sikukitaka tena, naye hakukitaja. Nalala kwenye stoo ya unga ya Mama Mikate, juu ya magunia. Ninaamka mweupe kichwani kuliko umri wangu.

Fundi viatu bado yuko nyuma ya soko. Nilikwenda kumwambia kwamba begi limefika kwa wenyewe.

"Afadhali," akasema. "Maana Jumamosi ile mlipokuwa mlimani, alikuja mtu kuliulizia."

"Yule wa breki?"

"Wa breki namjua. Huyu mwingine. Alifika amechoka, hata salamu alishindwa kutoa. Nikampa kigoda, akakaa mpaka kifua kikatulia. Nikamwambia begi nimeuza. Akasema begi si neno, anachotaka ni dawa yake iliyokuwa ndani."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia arudi siku nyingine, labda mzee aliyelinunua atapita."

Nimeshinda pale kwa fundi tangu Jumatatu, kwenye kigoda hicho hicho. Fundi viatu anadhani nimekosa pa kwenda. Fundi, yule mshonaji, sijamwambia.